Mita Kumi Ndani ya Ghala la Pamba

Kijirisasi kilichomjeruhi mdogo wangu hakikutoka kwenye mtutu moja kwa moja. Kilitoboa ubao wa shabaha, kikagonga bati la ukuta lililokuwa nyuma yake, kikarudi. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni kwenye meza ya alama, kalamu mkononi. Nilisikia bati likilia, kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, nimepigwa." Alipoondoa kiganja usoni, damu ilikuwa inashuka kutoka chini ya jicho la kushoto. Kati ya kidonda na jicho ulikuwepo upana wa kidole kimoja.

Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yetu ya kwanza ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo hapa Bariadi, na aliyeyaandaa ni mimi. Watu kumi na mmoja walijiandikisha. Wengine kama arobaini walikuja kutazama tu, kwa kuwa walikuwa wametoka kanisani na hawakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Tulikuwa ndani ya ghala la pamba ambalo mwisho wa msimu ulikuwa umeliacha tupu, sakafu ikiwa bado ina manyoya meupe pembezoni. Nilidhani nimefikiria kila kitu. Nilikuwa nimepima mita kumi kwa futi, nimechora mistari kwa chokaa, nimechapa karatasi za shabaha zenye duara kumi. Ukuta sikuufikiria.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Kulenga nilijifunza jeshini, nilipojitolea kwa miaka miwili baada ya kumaliza shule. Sikuwa hodari wa kukimbia wala wa gwaride, lakini kwenye uwanja wa shabaha mwili wangu ulikuwa unatulia kwa namna ambayo haujawahi kutulia mahali pengine. Nilipotoka niliiacha bunduki na nikashika chaki. Miaka mingi baadaye rafiki yangu wa jeshini, anayeishi Arusha, alinialika nikatazame mashindano ya bunduki za upepo ndani ya ukumbi. Niliona mstari mmoja wenye kijana wa chuo, bibi mwenye miwani minene, na mwanaume kwenye kiti cha magurudumu, wote wakilenga karatasi ile ile kutoka umbali ule ule, na bibi akiwashinda. Nilirudi Simiyu nikiwa nimeshaamua. Nikaomba leseni, nikapata bunduki moja, na parokia ikaniazima nyingine waliyokuwa wanafukuzia ndege kwenye mpunga wao.

Hospitalini mdogo wangu alishonwa nyuzi nne. Mama alikuja kutoka kijijini kesho yake. Hakuniuliza ilikuwaje. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema kwa Kisukuma kwamba yeye alizaa watoto wenye macho mawili kila mmoja na anataka kufa akiwaacha hivyo hivyo. Kisha akaenda jikoni kupika.

Sikungoja kuitwa polisi. Nilikwenda mwenyewe, nikiwa na bunduki zote mbili kwenye mifuko yake, nikamwona ofisa anayeshughulikia silaha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi za mapema, asiyeinua sauti.

"Aliyekupa ruhusa ni nani, mwalimu?"

"Mtendaji wa kata, afande."

"Mtendaji anaruhusu mkusanyiko. Haruhusu risasi." Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaivuta mifuko upande wake wa meza. "Hizi zitakaa hapa. Siku utakayonionyesha kwamba risasi ikitoka unajua inakokwenda kulala, tutazungumza."

Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Alikuwa amesema kwa sentensi moja kitu ambacho mimi, mwalimu wa pembe na miale, nilipaswa kukijua kabla ya kununua chokaa.

Kuanzia wiki ile nilikwenda ofisini kwake kila Ijumaa baada ya vipindi. Sikwenda kubembeleza. Nilipeleka mchoro, akaurudisha. Nikapeleka mwingine, akauliza kuhusu milango. Nikarudi na milango, akauliza ghala la pamba likishika moto nitafanya nini. Nikaandika ndoo za mchanga. Akauliza nani atazijaza. Baadhi ya Ijumaa hakuwepo, nikaacha karatasi mapokezi.

Kwenye benchi la nje ya ofisi ile ndipo nilipokutana na mama wa Lalago. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba kilichoanza kupauka, mikono yake mikubwa imelala mapajani kama ya mtu asiyeona sababu ya kuisumbua.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Na wewe umeletwa na bunduki?"

Alikuwa amekuja kuhamisha leseni ya marehemu mume wake. Walikuwa na bunduki ya upepo ya kulindia mtama, na sheria ilitaka iandikwe kwa jina lake au irudishwe. Akaniuliza langu. Nikamwambia nataka kibali cha watu kulenga karatasi.

"Karatasi inakula mtama?"

"Haili, mayu."

"Sasa imekosa nini?"

Nilicheka mpaka askari wa mapokezi akachungulia. Kisha nikamweleza vizuri: duara kumi, la katikati dogo kuliko punje ya hindi, mita kumi, umesimama, hakuna pa kuegemea. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Ndege akitua kwenye suke," alisema, "ukimpiga pale pale unaharibu na suke. Inabidi ungoje ainue kichwa. Mume wangu alikuwa hawezi kungoja. Mimi ndiye nilikuwa napiga, yeye anapewa sifa."

Nilimwomba namba ya simu kabla jina lake halijaitwa.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa hajataja jambo la ghala hata mara moja. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kila nilipokwenda kwake alizungumza habari za mashine na mvua, kovu lake jipya likinitazama. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba sitamhusisha tena. Siku moja ya mapumziko alikuja kwangu mchana akiwa amebeba gunia begani, akalitua sebuleni. Lilikuwa limejaa masalia ya pamba, yale manyoya machafu yanayofagiliwa chini ya mashine, yakiwa yameshindiliwa mpaka gunia limekuwa nene kama ndama.

"Dada, ulikuwa unatafuta kitu kigumu cha kuzuia risasi," alisema. "Kigumu kinarudisha. Tafuta laini, lakini nene."

"Nani amekuambia nataka kuendelea?"

"Unakwenda polisi kila Ijumaa. Mji mdogo huu."

Tulikwenda Lalago, shambani kwa yule mama, kwa kuwa leseni yake sasa ilikuwa imekamilika na bunduki yake ndiyo pekee iliyokuwa huru. Tulijenga sanduku la mbao, wazi upande wa mbele, tukalijaza masalia na kulishindilia kwa mchi, na nyuma yake tukapanga magunia mawili mawili. Yule mama alipiga mara kumi kutoka karibu kuliko sheria inavyotaka. Kisha mdogo wangu akapiga magoti, akaanza kuchambua manyoya kwa vidole, akitoa vijirisasi kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kiganja. Vyote kumi vilikuwemo. Hakuna kilichopita urefu wa kiganja ndani ya pamba. Alinipa mimi, akasema, "Peleka hivi kwa afande wako, pamoja na picha."

Nilipeleka. Afande alivimimina mezani, akavisukuma kwa kalamu.

"Sasa kuna mahali pa kulala risasi," alisema. "Bado watu. Watu wako wana adabu ya silaha?"

Sikuwa na silaha za kuwafundishia adabu hiyo, maana mbili zilikuwa kabatini kwake na ya tatu ilikuwa ya shamba. Kwa hiyo tulitumia mipini ya majembe. Kila Jumapili alasiri, watu wazima kumi na tano, wakati mwingine ishirini, tulisimama kwa mstari ndani ya ghala, kila mmoja na mpini wake begani na kizibo cha soda juu ya mpini, tukilenga ukuta bila kusema neno. Kizibo kikianguka, unaanza upya. Nilitoa amri nne tu: pakia, piga, acha, weka chini. Nilizirudia mpaka nikaziota. Na niliweka kanuni moja iliyowashangaza wote: mtu yeyote, awe mchezaji au mtazamaji, akiona jambo baya anaweza kupaza sauti "Acha!", na wote lazima watii kwanza, waulize baadaye.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja Jumapili ya tatu akiwa na wazee wawili. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kundi linakutana ghalani na kunyooshea ukuta mipini kimya kimya. Mmoja wa wazee aliuliza bila kuficha kama haya ni mambo ya uganga.

"Hapana, baba," nilimjibu. "Ni mazoezi ya kutulia."

"Kutulia mpaka ufundishwe?"

Nilimpa mpini na kizibo. Alijaribu. Kizibo kilianguka kabla sijahesabu tano. Akajaribu tena, na tena, na wenzake wakalazimika kumngoja. Walipoondoka alikuwa amekwenda na mpini wangu.

Nilichojifunza wakati huo ni kwamba mchezo haukuzwi kwa matangazo. Nilibandika matangazo hapa mjini na kule Lagangabilili, hayakuleta mtu. Waliokuja waliletwa na mtu mwingine aliyechoka kuulizwa Jumapili alikuwa wapi. Kutoka Lagangabilili walikuja watumishi watatu wa ofisi mpya, wageni wa mkoa, waliokuwa wanakufa kwa upweke. Kutoka Lalago, yule mama alikuja na shoga zake wawili, wamepakiana kwenye bodaboda moja. Kutoka Malampaka alikuja muuza vipuri vya pikipiki, mwanaume mnene wa maneno mengi, aliyesema siku ya kwanza kwamba amekuja kushinda na hana muda wa mipini. Alikaa na mpini miezi mitatu kama wengine.

Hatimaye afande akasema, "Siku moja. Nitakurudishia bunduki zako kwa siku moja, na nitakuwepo."

Tuliandaa kwa wiki mbili. Masanduku matatu ya pamba, magunia nyuma yake mpaka kimo cha mtu, ndoo za mchanga zimejaa, kamba ya kuzuia watazamaji, wavu mzito mbele ya meza ya alama. Mdogo wangu alisema atakaa kwenye meza ile ile. Nilimwambia si lazima. Akasema, "Nani mwingine anajua kuandika tisa isiyofanana na saba?"

Saa nane mchana ghala lilikuwa limejaa kuliko mara ya kwanza, na afande, aliyenikabidhi bunduki kituoni asubuhi, hakuonekana. Nilianza bila yeye. Wachezaji walipiga watatu watatu, risasi kumi kila mmoja ndani ya robo saa. Joto la bati lilitushukia kichwani. Baada ya kila zamu tulisubiri mitutu yote ifunguliwe na kulazwa mezani, kisha mimi peke yangu nikavuka mstari kwenda kuleta karatasi.

Fainali walibaki watatu: kijana mmoja wa Lagangabilili, muuza vipuri wa Malampaka, na mama wa Lalago. Kijana aliachwa nyuma mapema. Muuza vipuri alimaliza risasi zake zote, akalaza bunduki, akakunja mikono. Mama alikuwa amebakiza moja. Mdogo wangu alinionyesha daftari la alama kupitia wavu: mama akipata kumi anashinda, akipata tisa wanafungana.

Aliinua bunduki. Nilikuwa nyuma yake kidogo, nikaona mabega yake yanashuka, pumzi inatoka nusu na kukatika hapo. Ndipo kitu cheusi kikaruka juu ya kamba upande wa kulia na kuanguka sakafuni, karibu na masanduku, na mtu akaweka mguu juu ya kamba kukifuata.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

Kabla sijageuka, mama alikuwa ameshatoa kidole kwenye kifyatulio. Alifungua mtutu, akaitua bunduki mezani, akarudi nyuma hatua moja, mikono ubavuni. Watazamaji nao walisimama kama walivyokuwa. Kitu kile kilikuwa kofia. Mwenye kofia alikuwa afande, amevaa shati la mauamaua na suruali ya kawaida, mguu mmoja ndani ya uwanja wangu na mwingine nje.

Sijui nilipata wapi sauti. "Afande, rudi nyuma ya kamba. Kofia utaletewa."

Alirudi. Nilikwenda kuichukua kofia, nikampa, nikarudi kwenye mstari.

Muuza vipuri alikuwa ameshaanza. "Muda umekwisha! Tazama saa, mwalimu. Robo saa imepita, na hakupiga. Mashindano yamekwisha, mshindi ni mimi."

"Kanuni inasema mchezaji akikatizwa na jambo lisilo lake, anarudishiwa muda wake," nilisema.

"Kanuni ya nani?"

"Uliyoisaini asubuhi."

Wenzake wa Malampaka walianza kupiga kelele, wa Lalago wakawajibu, na kwa dakika chache niliona mambo yote yakielekea kuharibika kwa njia mpya. Mama akanisogelea. "Mwalimu, acha tu. Ni karatasi."

"Siachi, mayu. Nikiacha leo, kesho mtu atafikiri mara mbili kabla ya kutii."

Niliwasomea kifungu kile kwa sauti, mara mbili, mara ya pili kwa Kisukuma. Kisha nikatangaza dakika mbili za mama. Muuza vipuri alirudi mahali pake akinung'unika, lakini alirudi.

Mama alipakia, akainua, akangoja. Akashusha. Akainua tena. Alipopiga sikuhitaji kuona karatasi, nilijua kutokana na jinsi alivyofumba macho. Ilikuwa nane.

"Ndege ameruka," alisema, akafungua mtutu.

Muuza vipuri alishangilia kama mtu aliyepata mtoto wa kiume, akabebwa na wenzake mpaka nje. Baada ya muda kidogo alirudi ndani peke yake, akaenda kwa mama, akampa mkono huku ameinama kidogo, kama tunavyowapa mkono mama zetu. Sikusikia alichomwambia. Mama alimpiga begani.

Jumatatu afande aliniita. Kibali kilikuwa mezani, cha msimu mzima, kikiwa na masharti ukurasa wa pili.

"Yule mama," alisema. "Risasi moja imebaki, ushindi uko pale, na aliitua bunduki. Angefyatua, ningekunyima."

"Ungenionya kwamba utarusha kofia, afande."

"Ningekuonya ningeona nini?"

Sikupenda alichofanya. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba akirudia nitamtoa nje ya ghala kama mtazamaji mwingine yeyote. Akaongeza hilo kwa mkono wake kwenye masharti: msimamizi wa uwanja ana mamlaka juu ya kila aliyemo ndani. Akasaini pembeni.

Mashindano ya kwanza nje ya Bariadi yaliombwa na yule muuza vipuri. Alinipigia simu, akasema Malampaka wana ukumbi, wana watu, na masanduku ya pamba ameshatengeneza kwa vipimo vyangu. Nilifika asubuhi ya siku yenyewe pamoja na mdogo wangu. Ukumbi ulikuwa mzuri, umepakwa rangi, vitambaa vimefungwa kwenye nguzo, na wanawake walikuwa wameanza kupika wali nyuma. Masanduku yalikuwa sawa. Lakini nyuma ya masanduku, nusu ikiwa imefichwa na magunia, kulikuwa na mlango. Niliusukuma, ukafunguka, nikajikuta kwenye njia ya miguu iendayo stesheni. Mwanamke mwenye beseni la vitumbua alinipita na kunisalimu.

"Huu mlango unafungwa?" nilimuuliza muuza vipuri.

"Una kufuli, ila mwenye ufunguo amesafiri kwa treni jana. Nitaweka mtu wa kuulinda."

"Hatupigi kuelekea mlangoni."

"Mwalimu, watu wameshafika. Wa Lagangabilili wametoka alfajiri. Mama wa Lalago amekuja na wanawake saba."

"Nimewaona."

Aligeuka kuutazama ukumbi wake. Nilijua anachofikiria, maana nami nilikuwa nakifikiria: rangi, vitambaa, wali. Nilikuwa tayari kuwaambia wote warudi makwao, na alikiona hicho usoni mwangu.

"Ukuta wa pili hauna mlango," mdogo wangu alisema.

Basi tukaugeuza ukumbi. Kila kitu: masanduku, magunia, kamba, meza, wavu, ndoo za mchanga. Watu waliovaa nguo za kanisani walivua viatu na kubeba magunia ya pamba vifuani, manyoya yakiwang'ang'ania kwenye suti. Wanawake saba wa Lalago walijipanga wakawa wanapokezana. Muuza vipuri alibeba kuliko wote, akilalamika tangu gunia la kwanza hadi la mwisho. Nilipima mita kumi upya kwa futi, kisha nikazipima mara ya pili kutoka upande mwingine. Niligonga ukuta kwa ngumi mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa saa kumi jioni nilipotoa amri ya kwanza. Hatukumaliza. Jua lilituacha raundi moja kabla ya fainali, na sikukubali watu walenge kwa mwanga wa taa za pikipiki, ingawa walinipa kila sababu. Niliwaambia warudi Jumapili inayofuata. Nilipoita majina Jumapili hiyo, hakukosekana hata mmoja.